Fyuzi Kwenye Karatasi ya Peremende: Kisa cha Traka za Matatu za Malindi na Mokowe

Gari lilizimika baada ya kupita Gamba, kabla ya kufika Witu, saa kumi na moja na nusu jioni. Pampu ya mafuta ilikufa. Ndani mlikuwa na abiria 11, dereva na makanga wake, na pale lilipogota hakuna simu hata moja iliyoshika mtandao. Karani wa steji hapa Malindi alipoona muda unapita na kutoka jeti ya Mokowe, panapopandiwa boti za Amu (Lamu), hakuna habari, alifungua simu atazame traka, kifaa cha ndani ya gari kinachoonyesha liko wapi. Ramani ikamwonyesha gari limesimama stejini, palepale alipo yeye, tangu jana yake saa mbili usiku. Alitoka nje akaangalia kwa macho. Gari halipo.

Polisi walipopigiwa waliuliza mara ya mwisho gari lilijulikana liko wapi. Hakuna aliyeweza kujibu. Kutoka Malindi hadi Mokowe ni kama kilomita 220: daraja la Sabaki, Mambrui, Gongoni, Marereni, kisha Minjila, Gamba, Witu, Hindi. Anayeijua barabara hii anajua pia historia yake. Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani. Januari 2020 basi la abiria lilishambuliwa eneo la Nyongoro. Kwa vipindi tofauti magari yamelazimika kwenda kwa msafara na eskoti ya polisi. Kwa hiyo gari lililopotea pale magharibi ikiingia huwa ni msiba unaosubiri kutajwa, na jamaa wa abiria walioanza kupiga simu stejini walikuwa wanalia kabla ya kuuliza chochote.

Waliopotea walionekana baada ya saa mbili hivi, dereva wa lori aliyekuwa akitoka Witu alipowakuta na kwenda kutoa habari penye mtandao. Wote wazima. Siku ya pili kamati ya sacco, chama cha wenye matatu, iliniita mimi, fundi wa umeme wa magari, niangalie kwa nini traka waliyoinunua kwa ajili ya siku kama ile haikufanya kazi.

Nilifungua dashibodi. Traka ilikuwa nzima, waya wa betri mzima, antena nzima. Kilichokosekana ni fyuzi. Niliikuta kwenye kijisanduku cha sarafu karibu na gia, imekunjwa vizuri ndani ya karatasi ya peremende ili isichanganyike na shilingi. Mtu anayekunja fyuzi namna ile anakusudia kuirudisha.

Dereva alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniambia, "Fundi, usiwaandikie kuwa kifaa ni kibovu. Mimi ndiye naichomoa. Kila usiku naichomoa, kila asubuhi nairudisha. Jana gari liliingia kwa fundi wa matairi, abiria wakawa wanangoja, nikasahau."

Nilimwuliza kwa nini. Hakujibu mbele ya makanga. Tulikwenda kukaa kwenye kibao cha mama wa mahamri ng'ambo ya barabara, na pale akanieleza, na amenipa ruhusa niyaeleze bila jina lake. Dereva huyu hulala na gari kwa sababu zamu yake huanza alfajiri. Kwa Alhamisi tatu mfululizo, jioni, alilipeleka hadi zahanati moja upande wa pili wa mji. Aliichagua ile makusudi, kwa kuwa mtaani kwake kila mhudumu anamjua. Alhamisi ya tatu mwenye gari alimpigia: "Mbona gari liko hapo tena?" Kesho yake stejini watu wawili walimpa pole kwa ugonjwa ambao hakuwa amemtajia hata mkewe.

Hakuna aliyeandika popote kuwa anaumwa. Hakuna cheti kilichovuja, wala daktari aliyefungua mdomo. Nukta kwenye ramani, siku moja ya juma, saa ileile, mara tatu, ilitosha. Hapo ndipo alipoanza kuchomoa fyuzi.

Kisa hiki nimekiandika kwa sababu ya hilo. Kamati ilikuwa imeliweka jambo kama mvutano wa kamba: upande huu usalama wa gari na abiria, upande ule siri ya dereva, na ukimwongezea mmoja unampunguzia mwingine. Ushahidi uliokuwa mkononi mwangu ulikuwa unasema vingine. Gari halikuonekana siku ya hatari kwa sababu lilionekana kupita kiasi siku za amani. Mfumo uliomfuata dereva hadi mlango wa zahanati ndio uliomfundisha kuuzima, na gharama ya kuuzima ikawaangukia abiria 11 ambao hawakuwa na habari ya Alhamisi wala zahanati.

Nikaomba simu ya karani niuone mfumo wenyewe. Niliyoyakuta yalinisikitisha, ingawa hayakunishangaza.

Traka hizi za bei nafuu ni kijisanduku chenye kazi mbili. Kwanza kinasikiliza setilaiti, angalau nne, kikapiga hesabu kiko wapi. Pili kinatumia laini ya simu iliyo ndani yake kupeleka jibu kwenye seva, kompyuta ya kuhifadhi taarifa, ambayo kwa hizi zetu iko nje ya nchi, na wewe unasoma ramani kutoka hapo. Zetu zilikuwa zinapeleka kila sekunde 10, usiku na mchana. Akaunti ilikuwa moja kwa magari yote: wenye magari, karani, makanga wawili waliowahi kumsaidia karani, na fundi aliyezifunga, wote wakiingia kwa paswadi moja. Paswadi ilikuwa 123456, ileile iliyotoka nayo dukani.

Paswadi hiyo ina historia. Julai 2022 watafiti wa kampuni ya BitSight, pamoja na shirika la usalama wa mitandao la serikali ya Marekani, CISA, walitoa onyo kuhusu traka aina ya MV720 ya kampuni ya MiCODUS. Ilikuwa inatoka kiwandani na 123456, na ilikuwa na kasoro zilizomwezesha mtu wa mbali kulifuata gari na hata kulikatia mafuta. Kampuni hiyo ilikuwa na vifaa vipatavyo milioni 1.5 katika nchi 169. Zetu ni za chapa nyingine, lakini nazo zina relei, swichi ya umeme ya kuzima injini kwa ujumbe wa simu. Fikiria amri hiyo ikitumwa na asiyestahili, gari likiwa katikati ya Gamba na Witu.

Kisha nikaonyeshwa jambo ambalo kamati ililiona kuwa zuri kuliko yote. Mfumo unatoa kiungo cha kutazama gari likienda, bila hata paswadi. Karani alikuwa anakituma kila safari kwenye kundi la WhatsApp ili watu wa Amu wajue wageni wao wanafika saa ngapi. Na kweli kilikuwa na faida. Mama mmoja wa Langoni, mtaa wa Amu, ambaye bintiye anasoma Mombasa, alinieleza jinsi alivyokuwa akipata tabu: akivuka mapema kuja Mokowe anakaa juani saa mbili, akichelewa mtoto anabaki jetini peke yake na mabegi. Kwa kiungo kile alikuwa anaona gari limepita Hindi, anashuka gatini, anapanda boti, wanakutana. Mtu asiidharau haja hiyo.

Ila kundi lilikuwa na zaidi ya watu 300, na kila mmoja aliweza kukipeleka kiungo mbele. Nilimwuliza karani anawajua wangapi kwa sura. Alifikiri, akasema labda 60. Basi kwa watu kama 240 asiowajua, alikuwa anatangaza kila siku kwamba gari la abiria, lisilo na eskoti, liko mahali hapa kwa sekunde hii, linakwenda mwendo huu, na mbele yake kuna kilomita kadhaa za pori. Alinitazama kwa muda, akaweka simu chini. Hakuwa mzembe. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kitu kile kutoka upande ule.

Wanaounda magari yanayozungumza yenyewe kwa yenyewe wamekuwa wakipambana na swali hilihili kwa zaidi ya miaka 20, na nilijifunza kwao kabla ya kurudi kwa kamati. Mwaka 1999 Marekani ilitenga masafa ya redio ya megahezi 75 kwenye gigahezi 5.9 kwa ajili ya magari. Wazo ni kwamba kila gari litangaze mara 10 kwa sekunde mahali lilipo, mwendo wake, uelekeo, na kama limefunga breki, ili lililo nyuma au linalochomoza kwenye kona lijue kabla dereva hajaona. Ujumbe huo haufichwi, kwa sababu kila aliye karibu, hata mgeni, lazima ausome papo hapo. Badala yake unatiwa sahihi ya kidijitali, alama inayothibitisha umetoka kwa nani, ili mtu wa kando ya barabara asiweze kutangaza ajali ya uongo.

Sasa sahihi ikiwa moja ya kudumu, mtu akitega vipokezi kwenye makutano machache ataandika maisha ya kila gari mjini. Kwa hiyo wakabuni majina ya muda. Katika mpango wa Marekani gari hupewa vyeti 20 vya kidijitali kwa juma, kila kimoja kikiwa jina la muda, likawa linavibadilisha njiani. Vyeti vinatolewa na ofisi zilizogawanywa kazi, moja inamjua mwombaji, nyingine inatia sahihi, na hakuna hata moja ambayo peke yake inaweza kusema cheti hiki ni cha gari lile. Gari likianza kusema uongo, ofisi hizo zikishirikiana zinaweza kulitambua na kulifungia. Mgawanyo huo wa funguo ndio nilioupenda zaidi, na nitaurudia.

Lakini nao una gharama yake, na nisingependa kuwapamba. Gari lenye vyeti 20 halali kwa wakati mmoja linaweza kujifanya magari 20 na kutangaza msongamano ambao haupo. Na sahihi inathibitisha nani kasema, haithibitishi kwamba alichosema ni kweli. Hilo la mwisho tunalijua bila seva yoyote: dereva mmoja wa skwadi, yaani wa kushikilia zamu kwa muda, aliwahi kuing'oa traka yake na kuiacha na mwenye kibanda Gongoni ikiwa imeungwa kwenye betri ndogo. Kwenye ramani gari limepumzika kivulini, kumbe linapiga safari isiyoandikwa kwenye hesabu.

Na kuna sababu nyingine iliyonifanya nisikubali kunakili mpango wa majina ya muda kama ulivyo. Jina la kubadilisha linakuficha penye umati. Hapa mjini asubuhi, barabara ya sokoni ikiwa imejaa tuktuk na bodaboda, gari likibadili jina linayeyuka kwenye wengine. Ukishapita Gamba mko wangapi? Gari likiwa peke yake kwa kilomita 20, liite jina lolote, ni lilelile. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichunguza nyendo za simu za watu milioni 1.5 kwa miezi 15 wakakuta kwamba nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtenga mtu na wengine wote, kwa asilimia 95 ya watu hao. Hao walikuwa watu milioni moja na nusu. Dereva wa Mokowe ambaye matatu yake ni moja kati ya chache zinazotoka alfajiri anahitaji nukta moja. Kwa barabara kama yetu, kufuta jina kwenye ramani ni sawa na kutofuta. Kinga iliyobaki ni kupunguza kinachokusanywa, wanaokiona, na muda kinaokaa.

Hayo ndiyo niliyowapelekea kamati. Kikao kilikuwa kirefu. Mwenye gari, ambaye ndiye aliyempigia dereva, alisema maneno ambayo sikuweza kuyapuuza: "Hilo gari lina mkopo. Likiibwa usiku, benki haitamdai dereva, itanidai mimi. Mnataka nilale nikiwa kipofu?" Mwakilishi wa madereva, mzee aliyeendesha barabara hii tangu ikiwa vumbi na matope ya Tana, akamjibu kwa upole, "Bwana, gari ni lako, hatubishani. Unataka kujua limeibwa. Je, unataka pia kujua mimi nimemtembelea nani?" Mwenye gari alinyamaza, kisha akasema hapana, hilo hataki. Kikao kilibadilika hapo. Tulianza kuuliza kila mtu anahitaji kujua nini hasa, na ikaonekana hakuna, isipokuwa polisi siku ya tukio, aliyehitaji nukta ya kila sekunde 10.

Mwenye gari anahitaji kujua kama gari limesogea wakati halipaswi kusogea. Kwa hiyo sasa dereva akimaliza zamu anabonyeza kitufe cha mwisho wa safari kilichofungwa chini ya usukani, na ramani inafungwa kwa wote. Dereva anaruhusiwa shughuli zake ndogo za jioni hadi saa tatu. Baada ya hapo, gari likitoka nje ya duara kuzunguka lilipolala, mwenye gari na dereva wote wawili wanapata kengele kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ramani inafunguka. Juma la kwanza kengele ilimwamsha mwenye gari usiku tatu kwa gari lililokuwa limelala fofofo. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeweka duara la mita 100, na gari limeegeshwa kati ya kuta za mawe na mapaa ya mabati, mahali mawimbi ya setilaiti yanagonga na kurudi hadi nukta inarukaruka. Nikapanua hadi mita 300. Kimya kikarudi.

Watu wa Amu wanahitaji kujua saa ya kushuka gatini. Kiungo kilifutwa. Badala yake karani anaandika kwa mkono gari likishapita kituo, na kutoka Minjila kuendelea haandiki chochote hadi lifike Hindi, ambako kuna watu na mtandao. Yule mama wa Langoni nilimpigia mwenyewe. Alisema kutoka Hindi bado anapata nafasi ya kuvuka, ingawa sasa anakwenda kwa haraka kidogo.

Polisi, au jamaa wakati wa dharura, wanahitaji njia kamili. Hii ndiyo inayobaki inaandikwa kwa usahihi wote, safari inapokuwa inaendelea, lakini haionekani kwa mtu mmoja. Nilichukua wazo la ofisi zilizogawanywa: nusu ya neno la siri la akaunti kuu anayo mwenyekiti, nusu anayo mwakilishi wa madereva. Wakikutana, inafunguka ndani ya dakika moja, na kila kufungua kunaandikwa kwenye daftari la steji kwa wino: saa, sababu, majina. Baada ya siku 30 njia inafutwa kama hakuna kesi. Gari lisiposikika kwa dakika 40 safarini, karani hangoji jioni, anawapigia wote wawili. Relei za kuzima injini nimezikata waya kwenye magari yote. Mwenye gari mmoja alilalamika, nami nilimwambia wazi kwamba sitafunga kifaa kinachoweza kuzima gari lenye abiria pale porini kwa ujumbe wa simu, hata nikikosa kazi yake.

Sheria ilitusaidia kuwashawishi wawili waliokuwa bado wanasita. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu mahali mtu alipo kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kumtambulisha, na habari za afya imeziweka kwenye fungu la kulindwa zaidi. Inamtaka anayekusanya akusanye kwa kusudi lililotajwa, kiasi kinachohitajika, na akivujiwa na taarifa zinazoweza kumdhuru mtu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Dereva wetu angeweza kulalamika kwenye ofisi hiyo. Hakutaka. Alichotaka ni kupewa karatasi inayosema nani ataona nini, na sasa madereva wote wametiliwa saini karatasi hiyo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na nakala wanakaa nayo wenyewe.

Mambo mawili hayajakwisha. La kwanza ni mwakilishi wa madereva mwenyewe, ambaye naye huendesha. Siku gari lake likipotea, nusu ya neno la siri imepotea naye porini. Kwa sasa nakala ya nusu yake iko ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, kwa imamu wa msikiti ulio karibu na steji, mtu ambaye wenye magari na madereva wote wanamkubali. La pili ni zito zaidi: miezi minane ya nukta za zamani, pamoja na zile Alhamisi tatu, bado ipo kwenye seva ya muuzaji. Tumemwandikia azifute. Amejibu mara moja tu, kwamba akaunti ya zamani imefungwa. Kufungwa si kufutwa, na nimemwandikia tena nikimwambia hivyo. Dereva hunipitia kila Ijumaa baada ya swala kuniuliza kama jibu limekuja. Fyuzi yake iko mahali pake. Aliirudisha mwenyewe, mbele yangu, siku alipotiliwa saini ile karatasi.